Figo ya Ndugu wa Tumbo Moja

Benchi la kijiwe kile lilikuwa mlango. Mlango mzito wa mbao, uliong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali barazani mwa duka lililofungwa siku nyingi. Tundu la kitasa bado lilikuwapo, na mgeni asiyejua akikaa hapo katikati hubanwa nyama akaruka. Upande mmoja palikuwa na meza ya fundi wa kufuli na funguo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kufuli. Upande wa pili alikaa Mama Birika na jiko lake la mkaa. Katikati walijipanga wenye kijiwe: Waya, fundi umeme mwenye kucha zilizoungua, Refa, aliyepuliza filimbi viwanjani mpaka mashabiki walipomvunja mguu, sasa anauza viatu vya mitumba, na Mzee Rufaa, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hakuna hukumu aliyoiona kuwa ya mwisho isipokuwa yake mwenyewe. Hapo hapakuwa na swali lililokosa majibu. Hukumu za kijiweni hazikuwa na mhuri, lakini watu walizibeba nyumbani kama zina mhuri. Na Mungu atusamehe midomo yetu, nyumba nyingi zimetiwa ufa na neno lililosemwa mtu akipuliza kahawa.

Alasiri hiyo meza ya Kufuli ilikuwa bado imefunikwa turubai. Mwenyewe alikuja akiburuta miguu, akakaa mwisho wa benchi, mkono ubavuni juu ya kovu lake.

— Mgonjwa anaendeleaje? — aliuliza Mama Birika.

— Mwili unaikataa figo.

Waya aliweka kikombe chini.

— Unaikataaje? — Refa aliuliza. — Si ilishakaa? Mbona ilishazoea, kaka?

— Ilidhaniwa imezoea.

Mgonjwa alikuwa mdogo wake Kufuli, dada yake wa pekee, fundi cherehani. Figo zake mbili zilipokufa, Kufuli alilala kitandani, akatolewa moja yake, akapewa dada. Mtaa ulimwona shujaa. Baada ya hapo dada alipewa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni maisha yake yote. Vidonge vile vilikuwa na tabia moja mbaya: vilimtetemesha mikono. Fundi cherehani anayetetemeka mikono hawezi kutunga uzi kwenye sindano, na nguo za maharusi zilianza kwenda kwa mafundi wengine. Akamwambia kaka yake. Kaka yake, badala ya kulipeleka jambo hospitali, alilileta kijiweni.

Hapo lilisikilizwa likaamuliwa. Waya alisema figo ile ni ya ndugu wa tumbo moja, na damu ni nzito kuliko maji, sasa dawa za nini? Refa alisema mchezaji aliyelelewa kwenye timu hahitaji kusajiliwa tena. Mzee Rufaa ndiye aliyefunga kesi, kidole juu: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Figo imekaa vya kutosha. Ianze kulima yenyewe, iache kubembelezwa kwa vidonge." Kufuli akaenda akamwambia dada yake apumzike na dawa. Mikono ikatulia. Vazi la kwanza la harusi lililotoka baada ya hapo lilikuwa na shanga zilizonyooka kama zimepigwa rula, na kijiwe kizima kikajipongeza.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kijiwe hakikulijua. Kila siku ya kliniki ilipokaribia, dada alirudia kumeza vidonge, siku chache tu, ili damu ikipimwa iseme vizuri. Wazo hilo halikutoka kijiweni. Lilikuwa la Kufuli mwenyewe, mtu wa swala na saumu, mtu asiyemchongea ufunguo mteja bila kuuliza nyumba ni ya nani.

Leo adhuhuri, pembeni mwa kitanda, daktari aliuliza swali moja: "Amekuwa akimeza dawa kila siku?"

"Kila siku, daktari," Kufuli alijibu.

Dada alimtazama. Alikuwa amevimba uso, macho yamebaki kama vifungo vidogo. Katika nyumba waliyolelewa, mdogo hakumkosoa mkubwa mbele ya watu. Alifumba macho, akageukia ukuta.

Alipotoka wodini Kufuli alikusudia kwenda kusali. Miguu ikamleta kijiweni.

— Daktari kasemaje sasa? — Waya alidai. — Usitufiche. Sisi ni ndugu zako.

— Amenieleza kwa lugha yangu. Aliona funguo kiunoni akaniuliza kazi. Nikikosea, kosa ni langu, si lake.

— Sema, sema.

Kufuli akafungua bunda la funguo, akaliweka gotini.

— Mwilini mna walinzi. Chembe ndogo za damu, wanaziita chembe T. Kazi yao ni kuzunguka kupapasa kila kitu na kuuliza: wewe wa hapa, au mgeni? Kila chembe ya mwili ina kitambulisho chake juu ya ngozi yake. Mlinzi anakipapasa kwa mkono wa protini.

— Kumbe kupekua, — alisema Refa. — Kama getini.

— Kama getini. Sasa huo mkono unaopapasa, daktari anasema, wenyewe ni bubu. Unagusa nje, lakini ndani haufiki. Umeshikamana na protini nyingine, kundi zima, na hao ndio wenye mikia iliyoingia ndani. Mkono ukigusa mgeni, mikia inatiwa alama. Anakuja mwenzao mmoja anakaa kwenye alama. Huyo anaita wengine. Wanapata kitu kama pete ya funguo, wananing'inia hapo wote, huyu kamshika huyu, yule kamshika yule. Hakuna hata mmoja mwenye nguvu peke yake. Wakikamilika ndipo neno linapita.

— Linapita kwenda wapi? — aliuliza Mama Birika. Alikuwa ameshika kikombe bila kukijaza.

— Kwenda kwenye kiini. Makao makuu. Kalsiamu inafurika ndani ya chembe, inaamsha protini moja ya katikati, hiyo inamfungua mjumbe, mjumbe anaingia kwenye kiini na kusema: kuna adui. Hapo mlinzi mmoja anajigawa wawili, wawili wanakuwa wanne, mpaka jeshi. Na jeshi linaivamia figo.

— Figo yako, — alisema Refa.

— Figo yangu.

Waya alipiga paja.

— Si ndiyo niliyosema siku zote? Umeme! Hiyo ni saketi tupu. Mkono ni swichi, mikia ni waya, kiini ni taa. Sasa sikia, kaka, tatizo ni volti. Wewe ni mwanamume, mkubwa, unabeba mashine ya kusaga funguo begani. Figo yako ina volti kubwa. Dada yako wiring yake nyembamba. Umemchomekea jenereta kwenye waya wa redio!

— Acha hizo, — Refa alimkata. — Daktari kasema kundi, wewe unasema waya. Hapa ni uamuzi. Refa mmoja hawezi kutoa kadi bila mshika kibendera. Kufuli, hakukwambia kuna mshika kibendera?

Kufuli alishangaa kidogo.

— Alisema. Mkono wa kwanza ukigusa mgeni, haitoshi. Lazima mkono wa pili nao uguswe, uthibitishe kwamba kuna hatari kweli. Kama sanduku la benki lenye funguo mbili, wa mteja na wa meneja. Ufunguo mmoja ukigeuka peke yake, mlinzi hulegea akalala.

— Umeona! — Refa alisimama na mguu wake mbovu. — Basi aliyeinua kibendera ndiye mbaya wetu. Nani kainua? Figo ilikuwa inacheza vizuri, uwanja umetulia, mikono ya dada haitetemeki...

Alikoma. Neno "mikono" lilianguka kati yao, na kila mtu akapata kazi ya kufanya na kikombe chake.

Mzee Rufaa alisafisha koo.

— Kisheria, — alisema, — suala ni hili. Figo iliingia kwa idhini?

— Kwa idhini, mzee.

— Ya nani?

— Yangu. Na ya dada.

— Lakini si ya walinzi. Umeona? Walinzi hawakuitwa kwenye shauri. Mtu asiyeitwa kwenye shauri ana haki ya kukata rufaa. Ndicho wanachofanya. Kinachotakiwa ni kuwaacha wasikilizwe. Wagombanao ndio wapatanao. Wakipigana na figo kwa muda, watachoka, watakaa meza moja.

— Watapatanaje, mzee, na mmoja wao anakufa? — aliuliza Mama Birika.

— Mama, wewe mimina kahawa.

— Ninamimina. Nimeuliza tu.

— Na zile dawa je? — Waya aliingilia, safari hii kwa sauti ya chini. — Dawa zilikuwa za nini hasa? Kasemaje?

Kufuli alizungusha ufunguo mmoja kwenye pete. Hili ndilo eneo aliloliogopa.

— Zinakaa katikati. Ile protini inayomfungua mjumbe, dawa inaing'ang'ania, haiwezi kufanya kazi. Mlinzi anaendelea kupapasa. Anaona kabisa kwamba figo ni ngeni. Mikia inatiwa alama, kundi linakusanyika, linaning'inia kwenye pete. Lakini mjumbe hafunguliwi. Neno haliendi makao makuu. Nikamwambia, daktari, lakini hii ni figo ya ndugu wa tumbo moja. Akaniambia tumbo moja huzaa watu wengi. Kitambulisho cha chembe zangu na cha chembe zake havifanani sawasawa. Pacha wa kufanana tu ndio walinzi hawawatofautishi. Walinzi hawajui kwamba mimi ni kaka yake. Wanachojua ni kupapasa.

— Ina maana hawakuwahi kuizoea? — Refa aliuliza.

— Hata siku moja. Walikuwa wamezibwa mdomo.

Upepo ulipeperusha ncha ya turubai la meza. Mzee Rufaa alichezea kifungo cha koti, koti lile la mahakamani ambalo hakulivua hata jua likiwa utosini. Kama alikumbuka mgeni na jembe lake, hakusema.

— Breki je? — Refa alishika jambo jipya haraka, kama mtu anayevuka barabara. — Chombo chochote kina breki. Hao walinzi hawana breki?

— Wanazo. Kuna protini nyingine zinazotoka juu ya mlinzi akishaamka, zinaita wafuta alama, wanafuta zile alama kwenye mikia, kundi linasambaratika. Bila hizo kila mafua yangetuua kwa vita vya ndani. Lakini kwa figo hazitoshi. Mgeni hatoki, kwa hiyo kila siku wanaamka wengine.

— Basi mimi nina dawa, — alisema Waya, na macho yakamng'aa. — Tumtoe damu yote dada, tumtie ya Kufuli. Yote! Walinzi wa Kufuli wataikuta pale figo ya Kufuli. Watasema, ah, kumbe nyumbani! Kwisha.

— Na maini, na moyo, na ngozi ya dada? — aliuliza Mama Birika. — Walinzi wa Kufuli si watavivamia hivyo?

Waya alirudi kwenye kahawa yake.

— Tatizo si damu, — alisema Refa. — Tatizo ni kwamba figo ya mwanamume imewekwa ndani ya mwanamke aliyeolewa. Hebu fikirini. Mlinzi anapapasa, anakuta mwanamume ndani ya nyumba ya watu, na mwenye nyumba yuko kazini. Wewe ungenyamaza?

Waya alicheka, kisha akajiziba mdomo. Kufuli naye alihisi kicheko kikimpanda, akainamia funguo zake.

— Lakini ndugu zangu, — Mzee Rufaa aliinama mbele, akashusha sauti kana kwamba hakimu yuko jirani, — mbona hatulisemi lile lililo wazi? Dawa zenyewe. Siku hizi dawa za bandia zimejaa. Chokaa na rangi. Mtu anameza akidhani anajitibu. Mimi nasema dada alipewa chokaa.

— Hapo umesema, mzee! — Waya alirukia. — Kikulacho ki nguoni mwako! Chokaa tupu!

— Ndiyo maana mikono iliacha kutetemeka, — Refa aliongeza, akatazama huku na huku kuona nani amekubali. — Dawa ya kweli inatetemesha. Chokaa haitetemeshi. Ushahidi huo hapo!

Wote watatu walimgeukia Kufuli, na katika nyuso zao aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu mlango ule ulazwe juu ya matofali: walikuwa wanamwomba. Walitaka aseme ndiyo. Na yeye, Mungu amrehemu, alihisi roho yake ikipata mlango wa nyuma. Angeweza kurudi hospitali akasema, daktari, huenda dawa zilikuwa bandia. Dada angenyamaza kama alivyonyamaza. Lawama ingekwenda kwa mtu asiye na sura, mtengeneza chokaa wa mbali huko, na kila mmoja angebaki na heshima yake. Aliusikia uongo huo ukikaa sawa kifuani, kila pini mahali pake, kama silinda ya kufuli inayotaka kuzunguka.

— Daktari anataka kufanya nini leo? — Mama Birika aliuliza. Hakuwatazama wengine. — Hilo hujatuambia.

Kufuli aliuachia ufunguo.

— Damu aliyopima kliniki zilizopita ilionyesha dawa imo. Kwa hiyo anasema kama mgonjwa alimeza kila siku na bado jeshi limevuka, basi ni jeshi sugu. Atamtundikia dawa ya kuwafagia walinzi wote. Wote, mama. Atabaki mwili mtupu, hauna bawabu. Kikohozi cha mtu wa kitanda cha pili kinaweza kumwondoa. Alisema hapendi kuitumia. Alisema ingekuwa mgonjwa aliacha vidonge, angeanza na njia nyingine, asiwafagie wote, arudishe vile vidonge kwa kipimo. Ndiyo maana aliniuliza.

— Ukamjibu nini?

— Mama, kahawa, — alisema Mzee Rufaa, akinyoosha kikombe.

— Imekwisha.

Birika lilikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa umeinama kwa uzito. Wote waliliona. Hakuna aliyebisha.

Wakati huo ndipo alipotokea mume wa dada. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alikuwa mwoka mikate, mtu wa kutoka nyumbani giza halijapasuka na kulala wenzake wakianza maongezi, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akipita barazani hapo kwa salamu tu. Alikuja moja kwa moja kutoka wodini. Unga ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi. Waya alisogea ampe nafasi, lakini hakukaa.

— Habari za hapa.

— Salama, bwana. Pole sana. Karibu.

— Shemeji, — alimwambia Kufuli, — daktari ananisubiri. Wanataka kumtundikia ile dawa kubwa. Ameniuliza kitu, nikashindwa kujibu, nikasema nitakuuliza wewe. Mimi huondoka mke wangu amelala, na jioni usingizi unanichukua na kijiko mkononi. Wewe ndiye uliyekuwa ukivuka ua kila asubuhi kumwangalia. Alikuwa anameza?

Kufuli alitazama funguo.

— Simuulizi mtu mwingine, — aliendelea yule mwoka mikate kwa upole wake, na upole huo ulikuwa mgumu kuuvumilia kuliko kofi. — Nauliza kwa sababu mikono yake ilitulia. Nilirudi siku moja nikamkuta anatunga uzi kwenye sindano, mara moja tu, bila kukosea. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti nikamshukuru Mungu. Na toka siku hiyo kila nikitia mikate kwenye tanuri namshukuru. Sasa nimekaa pale hospitali nawaza, sipati jibu. Nyinyi ni watu wa kufikiri, labda mnisaidie. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa jambo gani?

Alitazama benchi zima, mmoja mmoja, si kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli. Waya alishughulika na ukucha wake uliokufa. Refa alinyoosha mguu mbovu kana kwamba umeanza kumuuma sasa hivi. Mzee Rufaa alianza, "Wahenga walisema..." kisha akaona hakuna kilichofuata. Methali zote zilikuwa zimemkimbia.

— Hakuwa anameza, — alisema Kufuli.

— Hata kidogo?

— Siku za kliniki tu. Ili damu isitusaliti.

— Nani alimwambia aache?

Hapo Kufuli aliwahisi wenzake. Hakuwageukia, lakini aliwahisi, jinsi mtu anavyohisi ukuta gizani. Aliisikia pumzi ya Mzee Rufaa ikisimama. Angeweza kuwataja watatu, na ingekuwa kweli. Aliwaza pia kwamba ingekuwa kweli ya kujikinga nayo, maana walisema wote, lakini aliyevuka ua na maneno yale mdomoni alikuwa mtu mmoja.

— Mimi.

Yule mwoka mikate alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei. Hakumpiga. Hakumtukana. Alitoa simu mfukoni, akabonyeza namba, akamnyooshea.

— Mwambie yeye, si mimi.

Iliita. Kufuli alitamani isipokelewe, kisha akatubu kwa kutamani hivyo.

— Ndiyo, — sauti ya daktari ilisema, nyuma yake kukisikika magurudumu ya kitanda.

— Daktari, mimi kaka wa mgonjwa. Nilikudanganya.

— Kuhusu dawa?

— Kuhusu dawa. Aliziacha. Alikuwa anameza akikaribia kliniki tu.

Magurudumu yalisimama.

— Tangu lini?

— Tangu mikono ilipoanza kumtetemeka sana.

— Mikono! — daktari alisema, na hii ndiyo mara pekee sauti yake ilipopanda. — Mikono tungeirekebisha. Tungepunguza kipimo, tungembadilishia dawa. Ilikuwa ni kuniambia tu.

Kufuli alikuwa amejiandaa kwa lawama. Hakuwa amejiandaa kwa urahisi wa jambo lenyewe.

— Sitamtundikia ile, — daktari alisema tena kwa sauti yake ya kawaida. — Sasa hivi naanza nyingine. Yeye nitamhangaikia. Figo siwezi kuahidi. Walinzi wakishaamka wakazaana, wengine hawasahau tena, hata nikiwaziba. Njooni wote wawili. Na kuanzia leo naomba anayejibu maswali yangu awe mgonjwa.

Simu ilikatika. Kufuli aliirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha amana iliyovunjika.

— Shemeji, — alianza.

— Twende, — alisema yule mwingine.

Mzee Rufaa alijiinua nusu kutoka kwenye benchi. Labda alitaka kusema neno lake katika shauri lile, labda alitaka kusema na mimi nilikuwapo. Mama Birika alimtazama, akamngoja. Mzee akakaa tena.

Mwoka mikate alikwisha kushuka barazani. Alitangulia upande wa jua, shati limemganda mgongoni, naye Kufuli akamfuata, mkono ubavuni. Alitaka kumfikia watembee sambamba, amwambie nisamehe kabla hawajafika kwenye lango la hospitali. Akaharakisha. Na kila alipoharakisha, yule wa mbele, bila kugeuka nyuma, naye aliongeza mwendo.